Dishi Kwenye Ndoo ya Saruji: Nani Aombe Ruhusa, Nani Ajieleze?

Barua ilipenyezwa chini ya mlango, na mzee wa watu akaniletea akiwa bado na kandambili za bafuni. Nilikuwa nimepanga kwenye jengo la ghorofa tatu pembezoni mwa Minneapolis, Marekani, na yeye, mzee wa Bukavu, Kongo, alikaa juu yangu. Kiingereza cha dukani alikuwa nacho. Cha barua za ofisi kilimpiga chenga. Nikamsomea. Aondoe dishi lake ndani ya siku kumi, la sivyo atatozwa faini kila siku itakayopita. Sababu ilijaa kwenye sentensi moja: linaharibu sura ya jengo.

"Iyi baranda ni yangu," akasema kwa Kiswahili chao. "Niko nalipa kila mwezi."

Tulipanda tukaliangalie. Lilikuwa dishi dogo la kawaida, limesimama kwenye ndoo nyeupe ya plastiki iliyowahi kuwa ya rangi ya ukuta. Mzee alijaza saruji ndani ya ndoo, akachomeka bomba la chuma katikati kabla haijakauka, akafunga dishi juu ya bomba. Waya ulikuwa bapa kama utepe, unapita chini ya mlango wa kioo bila kuuzuia kufunga. Hapakuwa na tundu hata moja ukutani. Fundi aliyemfundisha ujanja huo alijua alichokuwa akifanya, na sidhani kama aliwahi kusoma sheria yoyote. Ndoo za saruji za namna hiyo utaziona kwenye roshani nyingi za wapangaji Marekani. Sheria ya nchi hiyo kuhusu madishi imeacha alama yake hadi kwenye saruji.

Makala haya yanaihusu sheria hiyo. Wengi wakiisikia husema ni sheria inayompa mtu haki ya kuweka dishi. Si uongo, lakini hapo sipo ilipo nguvu yake. Nguvu yake ni kwamba iligeuza nani anayepaswa kujieleza. Kabla yake, mwenye dishi ndiye aliyepiga hodi ofisi hadi ofisi akieleza kwa nini aruhusiwe. Baada yake, anayekataza ndiye anayeulizwa kwa nini anakataza.

Turudi nyuma kidogo. Madishi ya kwanza majumbani Marekani hayakuwa vitu vya kuweka kwenye ndoo. Yalikuwa na upana wa mita tatu hivi, kwa sababu setilaiti za wakati ule zilirusha kila chaneli kwa wati chache tu, chini ya balbu ya chumbani, kutoka umbali wa karibu kilomita 36,000. Ili ukusanye mawimbi dhaifu kiasi hicho ulihitaji ungo wa kutosha kuanikia mpunga wa kijiji. Mwaka 1979 Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, iliacha kudai leseni kwa madishi ya kupokea tu. Mwaka huohuo duka la kifahari la Neiman Marcus likatia dishi la nyumbani katika katalogi yake ya Krismasi kwa dola 36,500. Bei ikashuka upesi, na watu wa mashambani, ambako waya wa televisheni haukufika, wakaanza kuyasimika uani.

Hapo ndipo halmashauri zilipoingia. Zikatunga sheria ndogo: dishi lisizidi upana fulani, lisionekane barabarani, lizungushiwe ua wa michongoma, liwe nyuma ya nyumba na si pembeni, mwenyewe alipie kibali. Nyingine ziliyapiga marufuku waziwazi. Sitaki kuwacheka madiwani wale. Jirani yako akisimika kitu cha ukubwa wa gari mbele ya dirisha lako, utakwenda kulalamika kwa diwani, na diwani asipofanya kitu hutampa kura.

Kuna hesabu ambayo madiwani wengi hawakuipiga, hata hivyo. Setilaiti hizi hukaa juu ya mstari wa ikweta, zikizunguka sambamba na dunia, kwa hiyo ukiwa Marekani lazima dishi litazame upande wa kusini. Mtu anayeishi karibu na ikweta haoni uzito wa jambo hili. Dar es Salaam, dishi linalolenga setilaiti iliyo nyuzi 36 mashariki hutazama karibu utosini, na fundi akikosea kidogo anarekebisha huku mtu wa ndani akipiga kelele dirishani: bado, bado, hapohapo! Minneapolis mambo ni mengine. Setilaiti iko chini kusini, chini ya nusu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini, na mti mmoja, paa la jirani au ukuta wa jengo lako mwenyewe unatosha kukukatia habari. Kwa hiyo sheria ndogo inayosema "dishi liwe nyuma ya nyumba" inasomeka kama ya upole, kumbe kwa kila nyumba iliyoipa kaskazini mgongo ni marufuku kamili. Aliyeiandika huenda hakukusudia. Matokeo ni yaleyale.

Mwaka 1986 FCC ilijaribu kuingilia kati. Ikasema halmashauri isiyabague madishi na antena nyingine, isipokuwa ina lengo la maana na lililo wazi la afya, usalama au sura ya mji, na isiwe imeweka vikwazo visivyo na kiasi kwa mpokeaji wala kumwongezea gharama kupita mipaka. Ukiyasoma maneno hayo leo unaona hayana kasoro kubwa. Kasoro ilikuwa mlangoni: tume ilimtaka mwananchi amalize kwanza njia zote nyingine za kudai haki, ndipo aende kwake. Mzunguko huo peke yake ulikuwa adhabu. Nani ana miaka ya kuzunguka mahakamani kwa ajili ya kutazama mpira?

Mmoja alijaribu, huko Deerfield, mji mdogo wa jimbo la New York. Alipita mahakamani kama alivyotakiwa, akashindwa. Akaenda FCC, nayo ikasema sheria ndogo ya mji wake haifai. Halmashauri ikakata rufaa, na mwaka 1993 mahakama ya rufaa ikautengua uamuzi wa tume: jambo lililokwisha kuamuliwa na mahakama haliwezi kwenda kupinduliwa na ofisi ya serikali. Kwa maneno mengine, kanuni ilimwambia mwananchi apite mlango wa kwanza kabla ya kuja mlango wa pili, na akishapita wa kwanza wa pili unajifunga. Nimesoma kesi nyingi za kuchosha maishani mwangu, lakini hiyo ina kichekesho chake.

Kilichobadilisha mambo, nadhani, kilikuwa umeme zaidi kuliko uanasheria. Mwaka 1994 DirecTV, kampuni ya televisheni ya setilaiti, ilianza kuuza huduma iliyopokelewa kwa dishi la sentimita 46 tu, kwa sababu setilaiti mpya zilirusha kwa zaidi ya wati 100 na kwa mawimbi mafupi zaidi. Dishi likawa na ukubwa wa sinia la pilau. Hoja ya sura ya mji ikaanza kupwaya. Na sasa kulikuwa na kampuni kubwa zenye fedha na mawakili zilizotaka kuuza sinia hizo kila mtaa. Bunge la Marekani, ambalo halikuwa limemwonea huruma sana mkulima mwenye ungo wa mita tatu, likasikia. Katika Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1996 likaingiza kifungu cha 207, kikiiagiza FCC itunge ndani ya siku 180 kanuni za kuzuia vikwazo vinavyodhoofisha uwezo wa mtazamaji kupokea matangazo. Kanuni hiyo, inayojulikana kwa kifupi OTARD, ilianza kazi Oktoba 14, 1996.

Inafaa kuitazama kwa karibu, maana iko tofauti kabisa na ya 1986. Inalinda dishi lisilozidi mita moja. Alaska ndiyo pekee isiyo na kikomo cha ukubwa, kwa kuwa kule setilaiti ziko chini mno karibu na upeo wa macho na dishi dogo halitoshi. Haiwabani madiwani peke yao. Inavibana pia vyama vya wenye nyumba, ambavyo kwa Mmarekani wa mitaa ya kisasa vina mkono mrefu kuliko meya: ndivyo vinavyokupangia rangi ya mlango na urefu wa nyasi. Inasema kikwazo hakifai ikiwa kinachelewesha au kuzuia usimikaji bila sababu ya maana, kinaongeza gharama isivyo haki, au kinaharibu ubora wa mawimbi. Kwa hiyo hata kumtaka mtu aombe kibali kabla ya kusimika kwa kawaida hairuhusiwi, kwa sababu kusubiri kibali nako ni kucheleweshwa. Milango miwili imeachwa wazi kwa anayekataza, usalama na uhifadhi wa majengo ya kihistoria, na hata hapo sharti liwe limeandikwa wazi na lisizidi mahitaji.

Kisha kinakuja kifungu ambacho mimi ningekitia kwenye fremu: mzigo wa kuthibitisha uko kwa anayeweka kikwazo. Mtu akipinga, faini hairuhusiwi kuendelea kuhesabiwa wakati shauri linasubiri uamuzi, na akishindwa kwa kawaida anapewa siku zisizopungua 21 za kutii kabla ya kudaiwa chochote. Hebu mrudie mzee wa Bukavu na barua yake ya faini ya kila siku. Barua ile ilitegemea kitu kimoja tu, kwamba anayeipokea hajui kuwa saa ya faini inaweza kusimamishwa.

Mwanzoni wapangaji hawakuwamo. Kanuni ilimlinda aliye kwenye nyumba yake mwenyewe. Aliyepanga aliachwa kwa mwenye nyumba wake na Mungu wake. Kuanzia Januari 22, 1999 FCC iliwaingiza na wao, kwa maeneo wanayotumia peke yao kama roshani na ua. Wenye majengo walikwenda mahakamani wakidai mali yao inachukuliwa, na mwaka 2001 mahakama ya rufaa ya Washington ikawakatalia. Mwenye jengo alikuwa amekwisha kukodisha nafasi ile. Mpangaji anaitumia kwa jambo la kawaida la mpangaji. Ndiyo maneno ya mzee, baranda ni yangu, niko nalipa, yakiwa yamevaa joho la kihakimu.

Tuliandika jibu la nusu ukurasa. Tukaitaja kanuni kwa namba yake, tukaeleza upana wa dishi, tukaeleza ndoo, tukaeleza kwamba ukuta haujatobolewa. Baada ya wiki moja na ushei alikuja kijana wa ofisi na futi ya chuma. Alikuwa na adabu. Akapima, akasema dishi lenyewe halina neno, ila ukingo wake umechungulia nje ya reli ya roshani kwa upana wa kiganja. Na hapo, lazima niseme, alikuwa sahihi. Haki ya mpangaji inaishia pale roshani yake inapoishia. Hewa ya upande wa pili wa reli si yake, kama vile paa, korido na ukuta wa nje si vyake. Tukairudisha ndoo ndani, tukapandisha dishi kwenye bomba ili litazame juu ya reli, tukatafuta mawimbi upya kwa nusu saa. Faini haikutajwa tena.

Ningeweza kuishia hapo nikiwa nimefurahi, lakini roshani ya mzee ilielekea kusini. Mama mmoja wa upande wa pili wa jengo lilelile, kodi ileile, roshani yake ilielekea kaskazini, kwenye maegesho ya magari. Kanuni inampa haki kamili ya kuweka dishi mahali ambapo halitashika kitu. Aliye na haki na asiye nayo wametenganishwa na korido yenye zulia. Hapa ndipo ninapoona upungufu wa fikra ya Kimarekani: inauliza nafasi ni ya nani, haiulizi mtu anahitaji nini.

Ulaya walianza na swali hilo la pili. Februari 1994 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilishughulikia shauri la mpangaji Mturuki aliyenyimwa dishi na mwenye nyumba. Mahakama ikasema maslahi ya mgeni kupata habari za nchi yake na kushika lugha na utamaduni wake lazima yawekwe kwenye mizani dhidi ya mali ya mwenye jengo, hasa ikiwa chaneli hizo hazipatikani kwa waya. Desemba 16, 2008 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, huko Strasbourg, ikaamua shauri la familia yenye asili ya Iraki iliyokuwa imepanga Rinkeby, kitongoji cha Stockholm. Walikuwa na watoto watatu, na walitazama matangazo ya Kiarabu na Kiajemi. Waliposhindana na mwenye nyumba, walilifunga dishi kwenye mkono wa chuma uliotoka dirishani jikoni, namna ya kuweza kuuingiza ndani. Mahakama ya Sweden ikampa ushindi mwenye nyumba, familia ikahama. Strasbourg ikasema Sweden ilivunja haki yao ya kupokea habari, na majaji wakataja mahsusi kwamba kwa familia ya wahamiaji wenye watoto, kuendelea kuwasiliana na lugha na utamaduni wao si jambo dogo.

Sasa ziweke kesi hizo mbili pamoja na ndoo yetu. Mkono wa chuma unaotoka dirishani ungeshindwa Marekani, kwa sababu dishi liko hewani nje ya ukuta, mahali pasipo pa mpangaji. Majaji wasingefika hata kwenye suala la watoto na Kiarabu. Upande wa pili, Mmarekani anayetaka dishi kwa sababu tu ni nafuu kuliko waya analindwa bila kueleza chochote kuhusu kabila, lugha wala nyumbani kwake, isipokuwa jengo liwe na antena ya pamoja inayompa huduma ileile aliyoichagua, kwa ubora uleule na bila kumwongezea gharama. Ujerumani mtu kama huyo ana kazi. Huko lazima uonyeshe kiu yako. Mgeni anajikuta mbele ya hakimu akihesabu chaneli za lugha yake zinazopatikana kwa waya, na zikionekana zinatosha, mizani inaweza kumlemea.

Nikilazimishwa kuchagua, nachukua ya Marekani, na sababu yangu si ya kisheria sana. Mzee yule hakupaswa kumweleza kijana mwenye futi anatazama nini. Taarifa ya habari ya Kifaransa, mpira, mahubiri, kondoo wakichungwa, ni shauri lake. Utaratibu unaomtaka mhamiaji athibitishe uhamiaji wake ili aachiwe kutazama televisheni unanikera hata unapompa ushindi. Lakini yule mama wa upande wa kaskazini angetetewa vizuri zaidi Strasbourg, na sina jibu la kumpa.

Halmashauri nazo hazikunyamaza. Philadelphia ilipitisha sheria ndogo mwaka 2011 dhidi ya madishi kwenye nyuso za nyumba zinazotazama barabara, na Chicago ikafuata mwaka 2012. Kampuni za setilaiti zikapeleka malalamiko FCC. Ukiyasikiliza manung'uniko ya mitaa ile, mengi hayakuhusu dishi linalofanya kazi. Yalihusu yaliyokufa. Mpangaji anahama, dishi linabaki. Anakuja mwingine na kampuni nyingine, linafungwa la pili kando ya la kwanza. Miaka kumi baadaye uso wa nyumba moja ya matofali una madishi manne yenye kutu, na moja tu ndilo linaloshika. Kampuni iliyofunga haina haja ya kurudi kulichukua. Hilo ni lalamiko la haki kabisa, na kulitibu hakuhitaji kumgusa mtazamaji yeyote, kwa sababu kuondoa dishi lisilotumika hakumnyimi mtu matangazo. Walichokosea madiwani ni kulifunga lalamiko hilo la kweli pamoja na marufuku ya upande wa barabara, ambayo kwa nyumba iliyoelekea kusini inaturudisha kulekule kwenye hesabu ya ikweta.

Kuna mabadiliko mengine yaliyopita bila kelele nyingi, nami yananipa mashaka kidogo. Kanuni iliyoandikwa kwa ajili ya televisheni ilipanuliwa mwaka 2001 kuingiza antena za intaneti na simu zilizofungwa mahali pasipohama. Hilo halina tatizo. Antena ya kisasa ya intaneti ya setilaiti ya Starlink ina upana wa sentimita 60 hivi, iko ndani ya mita moja, na anayeiweka kwenye roshani yake analindwa kama mzee alivyolindwa. Lakini mwaka 2021 FCC iliongeza tena: antena inayopokea na kupeleka mbele mawimbi ya majirani nayo inalindwa, mradi pia inamhudumia mtu wa pale ilipo. Kampuni ya intaneti inaweza sasa kuifanya nyumba ya mteja mmoja kituo kidogo cha mtaa, na halmashauri, nje ya ile milango miwili ya usalama na historia, haina la kusema. Waliopinga walikwenda mahakamani, na mwaka 2022 mahakama ya rufaa ya Washington ikaibariki kanuni. Kisheria sawa. Ila ngao iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja na ndoo yake, imfae dhidi ya walio na nguvu kuliko yeye, sasa imekwenda kushikwa na mwenye minara. Mtazamaji alipewa msamaha wa kujieleza kwa sababu alikuwa mdogo. Kampuni si ndogo, na kuitaka ijieleze kwa majirani kabla ya kusimika kusingekuwa kikwazo cha kumnyima mtu chochote.

Mzee alihama baadaye, akamfuata bintiye Texas. Dishi alilibeba kwenye gari, limefungwa kwa blanketi. Ndoo ilikuwa nzito mno, akaiacha pale pale kwenye roshani na bomba lake limesimama. Niliporudi mwaka uliofuata kuchukua barua zangu niliinua macho nikaona mpangaji mpya ameshachomeka kitu juu ya bomba lile, kibapa, cheupe, cha pembe nne. Hiki hakikuelekea kusini.